Pilau ya Wasio na Kura

Jumatatu, 5 Mfunguo Saba

Vibibi viwili vya unga wa mchele vimeungua. Mvua ya vuli imeingia jikoni kwa ubavuni, kuni mbichi, moshi machoni. Hata hivyo nimeuza vyote kabla jua halijapanda. Watu wa Chumbageni mvua haiwazuii kula.

Gari la serikali limepita na kipaza sauti. Mara ya kwanza sikulisikiliza, nilidhani habari za chanjo. Likarudi. Baraza la mji sasa litachaguliwa. Mabwana wa baraza hawatateuliwa tena na Bwana DC. Watachaguliwa na watu, kila mtaa na mtu wake. Nilisimama na upawa mkononi kama niliyeitwa jina barabarani.

Adhuhuri akaja Hamisi. Mdogo wangu huyu si msemaji. Ukimwona amekaa na cherehani chake utadhani kasusa. Alikunywa chai, akaomba nyingine, akatazama boriti za dari. Kisha akasema, "Dada, nitagombea." Mtaa wetu huu. Dhidi ya Bwana Nasoro, ambaye amekaa kwenye baraza lile la kuteuliwa tangu vita vya Mhitla viishe.

Nililia. Nilimzika mume wangu na uso mkavu, leo nikalia mbele ya birika.

Bibi yetu mzaa baba alizaliwa Tongoni. Baba yake alikuwa diwani wa mji, na mji wenyewe ndio uliomweka. Wazee walikaa, wakabishana, wakagombana, wakakubaliana. Kisha akaja Mdachi na akida wake juu ya punda. Akaja Mwingereza na liwali wake. Kisha likaja hili baraza la watu walionyooshewa kidole. Toka enzi za babu wa baba yangu hakuna aliyetuuliza kitu. Nataka niulizwe mara moja kabla sijafa. Na nataka jibu liwe Hamisi.

Jumanne, 6 Mfunguo Saba

Marehemu mume wangu aliandika kila siku, kwa tarehe za ofisini kwao. Mie naandika kwa zetu. Akinikuta huko mbele atanisahihisha, ndiyo kawaida yake.

Jioni mpangaji wangu, Yohana, kanieleza sheria. Kijana wa Kishambaa, Mluteri, karani wa reli, mwenye adabu hadi inachosha. Hanipiti bila shikamoo hata kama tumeonana dakika ile ile. Kasema si kila mtu ana kura. Mwenye nyumba anayo. Mwenye mshahara wa kutosha anayo. Wapangaji, makuli wa bandarini, watu wa mkonge, wake za watu wasio na nyumba kwa jina lao, hao hawana.

Mie nina nyumba. Aliniachia mama, naye aliachiwa na mama yake. Kwa hiyo ninayo.

Shoga yangu Fatuma kanuna. Amezaliwa mtaa huu, amezaa humu, amezika humu, na chumba ni cha kupanga. "Basi mie mgeni," kasema. Nilimtania kwamba nitampigia na yake. Hakucheka.

Ijumaa, 9 Mfunguo Saba

Nimempita Bwana Nasoro akitoka msikitini. Kanzu nyeupe pe, fimbo, miwani ya dhahabu. Kanisalimu vizuri. Daima hunisalimu vizuri.

Niseme kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nasoro alileta posa kwetu, mie kigori. Baba alikataa, akasema kijana yule hana neno lake mwenyewe. Nilikasirika mwezi mzima. Alikuwa na meno mazuri. Wakati ule Chumbageni kulikuwa na minazi hadi mlangoni, usiku tukisikia dafu likianguka tunajua la nani. Wasichana tulikuwa tunapanda paa la banda la ng'ombe kuangalia vijana wakienda kuoga. Nasoro alikuwa anaogelea na kofia. Tulimcheka hadi tukaumwa mbavu.

Lakini baba aliona mbali. Walipokata miti yote ya mikungu ya barabara yetu, mikungu iliyopandwa na wazee, ili gari zipite, Nasoro alikuwa mle barazani. Aliulizwa, akasema ndiyo. Walipohamisha vibanda vya kina mama, akasema ndiyo. Si mbaya. Si mwizi. Ni mtu wa ndiyo, na aliyemweka ndiye aliyempenda kwa hiyo ndiyo.

Jumapili, 11 Mfunguo Saba

Hamisi anazunguka nyumba kwa nyumba baada ya kazi. Anaongea maneno mawili, anakunywa maji, anaondoka. Huku ndiko kuomba kura? Watu watadhani anatafuta mbuzi aliyepotea.

Nimekaa na Fatuma. Nikamkumbusha alivyotuhadithia bibi. Tongoni mtu hakipati kiti hivi hivi. Kwanza anaulisha mji. Ndiyo ada. Ng'ombe anachinjwa, wazee wanakaa jamvini, wanakula, wananawa, ndipo mkubwa wao anasema, "Tumekula kwako, tumekuona." Asiyeulisha mji ataulindaje? Bibi alikuwa akisimulia hayo huku akichambua mchele, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Mie na Hamisi tukilala chini, vichwa kwenye mapaja yake, mmoja huku mmoja huku. Alinukia karafuu na jasho. Ningetoa nini nimsikie tena, hata akinigombeza.

Basi. Tutatoa ada. Chama chetu cha ngoma ya lelemama chote kitapika. Mbuzi ninao wangu. Masufuria tunayo ya harusini. Alhamisi mchana.

Hamisi hatumwambii. Atasema gharama, atasema haya, atasema ngoja. Mambo ya jiko hayamhusu.

Jumatatu, 12 Mfunguo Saba

Fatuma kazunguka na mwaliko tangu asubuhi. Kavaa kanga mpya, kachukua tambuu kwenye kisahani, kama inavyotakiwa. Kaalika wenye nyumba tu, kila mwenye kura. Wamefurahi. Mzee Kombo, rafiki wa baba, kashika tambuu ile kasema, "Kumbe bado mnajua." Alitokwa na machozi, Fatuma anasema. Hakuna aliyewahi kumwalika hivyo tangu ujana wake.

Nalala na furaha ya kijinga.

Alhamisi, 15 Mfunguo Saba

Mkono unauma kwa upawa lakini lazima niandike.

Tulianza alfajiri. Mafiga sita uani, mbuzi wameshachunwa, wanawake wameimba nyimbo za lelemama za zamani, zile za matusi ya kufumba dhidi ya chama cha Ngamiani. Tulicheka sana. Nilijiona nina miaka ishirini. Vitunguu vilipoanza kuwa vyekundu harufu ikapanda juu ya paa ikaenda zake mtaani.

Yohana akatoka chumbani kwake na baiskeli. Shikamoo. Marahaba. Akauliza nani anaoa. Nikamwambia hakuna anayeoa, tunatoa ada ya Hamisi, wenye kura wote watakuja kula. Nilisema kwa majivuno. Kijana alibaki ameshika usukani wa baiskeli, mdomo wazi.

Kisha akaniambia polepole, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. Sheria ya uchaguzi inakataza. Mgombea akilisha wapiga kura, au ndugu yake akiwalisha kwa ajili yake, anafutwa. Kwao wao ni hongo.

Hongo! Niliona haya hadi miguuni. Bibi yangu alikuwa mtoa hongo? Babu wa baba yangu alinunua kiti? Nilitaka kumpiga Yohana na upawa. Maskini, kosa lake nini.

Fatuma akakimbia kumwita Hamisi. Akaja na futi shingoni, pini mdomoni. Akaangalia masufuria. Akatoa pini moja moja. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo tangu utoto. Hakupaza sauti. "Dada, umenimaliza." Hayo tu. Tayari kijana mmoja wa Bwana Nasoro alikuwa amesimama kwenye kona, anatazama mlango wetu.

Mmoja wetu akasema tuseme ni hitima ya baba. Tuite maalimu, isomwe Yasini, nani atatukataza kuwaombea wafu wetu? Nilitamani kukubali. Hamisi akakataa. Kasema hataingia kwenye baraza kwa kumdanganyia baba yake kaburini. Alikuwa na haki. Nilimchukia kwa kuwa na haki.

Pilau ilikuwa inakaribia kukauka. Huwezi kuisimamisha pilau ukaiambia ingoje.

Fatuma ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, miguu kaitandaza, jasho linamtoka. Akamuuliza Yohana, "Baba, mie sina kura. Mie nikila ni kosa?"

Yohana akafikiri. Akatazama juu, akatazama chini. Akaanza kucheka, yeye ambaye hacheki. Kasema sheria haimtaji Fatuma mahali popote.

"Basi wengi hatutajwi," Fatuma akasema, akajifuta na kutoka nje kwenda kuwaita.

Walikuja. Ya Rabi, walikuja. Makuli wa bandarini na magunia yao mabegani. Wamakonde waliokuja kukata mkonge wakabaki mjini bei ilipoanguka. Kina mama wapangaji na watoto. Wanyamwezi wa relini. Mzee kipofu wa sokoni. Walijaa uani, wakajaa barazani, wakajaa barabarani. Watu ambao mie nimewauzia vibibi miaka na miaka wala sijapata kuwauliza wanalala wapi. Hamisi akavua viatu, akawamiminia maji ya kunawa kwa birika, mmoja mmoja. Alikuwa bado amenuna, lakini alimimina.

Kisha wakaja walioalikwa.

Kanzu zimepigwa pasi, vilemba, udi. Mzee Kombo mbele. Nikasimama mlangoni, mie mwenyewe, nikawaambia hapana. Nilieleza sheria. Nilieleza vibaya, ulimi ulikuwa mzito. Wao waliona jambo moja tu. Mwenye nyumba wa Chumbageni anazuiwa mlangoni, na kuli kakaa ndani anachota. Wengine walikwenda kukaa baraza ya pili wakawa wananusa, hawaamini. Mzee Kombo aligeuza fimbo yake, akarudi alikotoka taratibu katika lile tope, na kanzu yake ya sikukuu.

Mie sikula. Nina kura. Nimepika tangu alfajiri na sikuonja hata chumvi, Fatuma ndiye aliyenionjea.

Ijumaa, 16 Mfunguo Saba

Baada ya sala ya Ijumaa watu hawakumpa Hamisi mkono. Wachache walimpa. Wengine walipita wakitazama viatu.

Maneno yanayozunguka: kijana ametualika kutuvunjia heshima. Ametufukuza kwenye sinia. Asiyetulisha leo atatupa nini kesho? Sheria hakuna anayeitaja. Sheria ni ya boma, aibu ni ya mtaa.

Kosa ni langu. Hamisi hakunilaumu tena. Bora angenilaumu.

Jumatatu, 19 Mfunguo Saba

Nimekwenda kuomba radhi. Nyumba kwa nyumba, kama alivyopita Fatuma na tambuu. Wengine walinikaribisha. Wengine walinisikiliza mlangoni. Mke wa mwenye duka la mafuta kaniambia mumewe kalala, na mie namsikia anakohoa.

Mzee Kombo kanikaribisha. Nilikaa chini. Nilimweleza pole pole, mara hii vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba amefahamu, kwamba Hamisi hana kosa, kwamba mie sina kosa. Na kwamba siku ile alikuwa amemuaga mkewe, akamwambia usinipikie, leo nakula kwa mwana wa rafiki yangu. Alirudi akalala na njaa kwa sababu aliona haya kumwambia.

Nimelia njia nzima. Buibui lina faida zake.

Jumatano, 21 Mfunguo Saba

Bwana Nasoro kasimama barazani kwangu. Hakukaa. Nilidhani kaja kunitisha.

"Bibi Mwanahawa, nimeambiwa nikushitaki boma. Sikushitaki wala sitakushitaki."

Nikamshukuru kwa nusu mdomo. Akatazama chini ya fimbo yake.

"Pilau ile ilinukia mpaka kwangu. Kama ya marehemu mama yako." Akaenda.

Alipata kula kwetu, kweli. Kabla ya posa. Mama alimpenda. Huwa nasahau kwamba Nasoro naye ana mambo ya kukumbuka, na mengine ni yale yale yangu. Tumebaki wangapi tunaojua pilau ya mama? Mie, Hamisi na yeye. Nimekasirika kwamba ni mmoja wao.

Jumapili, 25 Mfunguo Saba

Mvua. Vibibi vichache. Sina la kuandika.

Hamisi bado anazunguka. Kaanza kuongea maneno matatu.

Jumatano, 28 Mfunguo Saba

Kesho.

Nimepiga pasi kanzu ya Hamisi. Makaa yalirukia shingoni yakaacha alama ndogo ya rangi ya chai. Nimeificha kwa ndani. Fatuma kasema hiyo nuksi, nikamwambia nuksi ni yeye kukaa anasema nuksi. Ninaogopa kama siku ya harusi yangu, na siku ile nilikuwa na sababu, nilikuwa simjui bwana harusi.

Akishindwa itakuwa kwa mkono wangu. Lazima niliandike hilo leo, lisije likaonekana kesho kama jipya.

Alhamisi, 29 Mfunguo Saba

Nimepiga kura.

Shuleni, darasa la watoto, madawati mafupi. Foleni ya wanaume na foleni ya wanawake. Wanawake tulikuwa wachache, kila mmoja na nyumba yake kichwani, tukatazamana kama watu waliokutana kwa mganga. Nilimjua kila mmoja. Huyu karithi kwa shangazi yake, yule kajenga kwa kuuza ubuyu na maandazi. Hakuna aliyepewa na Bwana DC.

Karani kanipa karatasi. Nikaenda nyuma ya pazia. Pazia lenyewe shuka la hospitali, nililitambua. Kalamu imefungwa kwa uzi. Niliiangalia karatasi mara tatu, mie ninayegeuza kibibi kwenye chuma cha moto bila kuangalia. Nilikaa mle ndani kuliko inavyopasa, hadi mtu akakohoa nje. Nilikuwa nataka idumu. Bibi yangu alijua nasaba za mji mzima kwa moyo, na hakuna aliyepata kumwuliza chochote zaidi ya chumvi imekolea. Mie nimeulizwa. Nikatia alama. Nikakunja. Ikatumbukia sandukuni bila sauti, kumbe nilitaraji isikike.

Nilipotoka nikawaona ng'ambo ya barabara. Fatuma, wapangaji, makuli waliokosa kazi leo. Wamekaa ukingoni mwa mtaro tangu asubuhi. Hawawezi kuingia, hawana la kufanya pale. Wamekaa tu kutazama nani anaingia. Wenye kura walipita mbele yao haraka.

Bwana Nasoro alikuja na kanzu ya hariri. Hamisi alikuja na ile yenye alama. Walipeana mikono mlangoni, na Hamisi akamwacha atangulie kwa kuwa ni mkubwa wake.

Matokeo kesho.

Ijumaa, 1 Mfunguo Nane

Tumeshindwa.

Kwa kura chache. Uchache wake ndio unaoniua. Zingekuwa nyingi ningesema mji haumtaki. Lakini chache hizi nazijua, naweza kuzitaja kwa majina, naweza kusema kila moja ilivaa kilemba gani Alhamisi ile mlangoni kwangu.

Mji umeulizwa kwa mara ya kwanza tangu Mdachi, ukamchagua yule yule aliyewekwa. Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Fatuma akadhani nimepatwa.

Hamisi alifunga kazi mapema. Alikaa uani. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Dada, zamani baba alisema Nasoro kawekwa, hatuna la kufanya. Sasa hakuwekwa. Sasa ana deni kwetu." Hayo ndiyo maneno mengi aliyosema mwaka huu. Sijui kama anayaamini au ananipoza. Mie sijapoa.

Alasiri Bwana Nasoro kaulisha mji. Sasa si kosa, uchaguzi umekwisha. Ng'ombe mzima. Wale wenye vilemba walikwenda, Mzee Kombo pia, na sikumlaumu, amengoja kula ada maisha yake yote. Magharibi likaletwa sinia nyumbani kwetu, limefunikwa kawa. Nilitaka kulirudisha. Nilikuwa nimeshalinyanyua.

Hamisi akanawa mikono. Akakaa jamvini, akafunua, akala. Kasema mji umemchagua Nasoro na chakula cha mji hakirudishwi. Alikula polepole, tonge kwa tonge, kama mtu anayekula dawa. Nikakaa nami. Iliki haba, nyama ngumu. Nikamwambia Hamisi, akacheka kidogo, ndipo nikaweza kumeza.

Jumamosi, 2 Mfunguo Nane

Nimepika vibibi. Wateja wamekuja wote, hata waliotunyima. Wanakula vizuri sana watu wale.

Jumatatu, 4 Mfunguo Nane

Asubuhi kavu. Hamisi kaleta cherehani chake barazani kwangu, kwake paa linavuja. Alikuwa anashona suruali ya mtu wa posta. Mie nakuna nazi. Tulikuwa hatuongei, raha tu. Zamani mama alikuwa anakaa pale anaposhona yeye, na baba pale nilipo mimi.

Akaja mwanamke. Mmakonde, nimemjua kwa ndonya ya mdomoni, mtoto mgongoni, kanga imeloa maji ya samaki. Nilimkumbuka, alikula kwetu siku ile karibu na mlango wa kisima. Mama Sikudhani, anakaa kwenye vile vyumba vya makuli. Alipiga hodi kwa sauti ndogo. Kasema askari wa mji wamembebea meza yake ya samaki, wameitia garini na samaki wake.

Akauliza, "Diwani yupo?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Diwani ni Bwana Nasoro. Nyumba ile kubwa yenye ngazi, ya tatu baada ya msikiti. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono kumwonyesha njia.

Nyuma yangu cherehani kikanyamaza. Hamisi alikuwa amesimama, anatafuta kofia yake. Akamwuliza yule mama meza ilikuwa na miguu mingapi, na rangi gani, na samaki walikuwa wa aina gani, ili akifika ofisini aseme vizuri. Mama akaanza kueleza, sauti ikapanda. Wakashuka barazani. Kutoka kwenye vile vyumba wakatoka wengine wawili watatu, wakawafuata.

Nikaweka mbuzi ya nazi pembeni, nikanawa mikono. Nikakaa kwenye cherehani. Mguu mmoja wa suruali alikuwa ameshaushona, nikashona wa pili.